Katuni za mabinti mashujaa: tunabishana juu ya ubinti, mtoto anajifunza ngumi

Na Mwandishi Wetu, Kyela



Kila inapozungumzwa habari ya katuni za mabinti mashujaa, yaani zile filamu za michoro ambamo wasichana wadogo huruka angani, huvunja kuta kwa mikono yao na kuwashinda wabaya, Waislamu wa huku kwetu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husimama na kusema kwamba mambo hayo ni haramu, kwa kuwa yanamfundisha mtoto wa kike ujeuri na kumvua haya. Kundi la pili hucheka na kusema, "Hizo ni katuni tu, ni mambo ya watoto," kisha humkabidhi mtoto simu ili anyamaze. Makundi haya yanaonekana kupingana, lakini kwa hakika yanafanana katika jambo moja: ni nadra kumpata katika lolote kati yao mtu aliyeketi na mtoto akaitazama filamu yenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema, ili msomaji asije akatuhesabu mahali tusipo. Filamu hizi hazimfai mtoto ambaye hajafikia umri wa miaka saba. Hazimfai, awe wa kike au wa kiume. Na sababu ya kutomfaa si kwamba shujaa wake ni binti.

Tuanze na wale wanaokasirishwa na ubinti wa shujaa, kwani hao ndio wenye sauti kubwa. Wanasema ushujaa si sifa ya mwanamke. Tunawauliza: siku ya Uhud, pale watu wengi walipotawanyika na Mtume Muhammad (s.a.w.) akabaki na wachache, ni nani aliyesimama mbele yake akimkinga kwa upanga? Miongoni mwao alikuwa Nusayba bint Kaab, maarufu kwa jina la Ummu Umara, mwanamke wa Kiansari aliyetoka asubuhi ile na kiriba cha maji kwa ajili ya majeruhi, akarejea yeye mwenyewe na majeraha. Wanavyuoni wa sira wamelinakili tukio hilo kizazi baada ya kizazi wala hawakuona aibu. Sasa anayeona aibu leo kwa sababu binti wa katuni amemshinda adui, ni nani aliyempa kazi ya kuona aibu kwa niaba yao?

Wengine huacha hoja ya ubinti na kushika hoja ya taswira na mambo yasiyokuwepo, kwamba binadamu haruki, kwa hiyo kumwonyesha mtoto binadamu anayeruka ni kumlisha uongo. Hawa nao tunawakumbusha habari iliyopokewa katika Sunan ya Abu Daud, kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake wa kuchezea, na kati yao alikuwemo farasi aliyetiwa mbawa mbili za vipande vya nguo. Mtume (s.a.w.) alipouliza habari ya farasi huyo wa ajabu, Bibi Aisha alimjibu kwa kumtaja Nabii Sulaiman (a.s.) na farasi wake wenye mbawa. Mtume akacheka. Hakumnyang'anya wala hakumkaripia. Hatudai kwamba habari hii inahalalisha kila kinachorushwa katika kioo; wanavyuoni wamehitilafiana sana katika suala la taswira, na kurasa hizi hazitoshi kulimaliza. Tunachosema ni kwamba mtoto kuwaza kitu chenye mbawa hakukuwa kosa mbele ya Mtume wa Mwenyezi Mungu. Basi kisiwe kosa kubwa mbele ya mwalimu wa madrasa wa Ipinda.

Baada ya kuyaondoa hayo njiani, tuitazame filamu. Tunaichagua moja iliyo maarufu, ambayo kwa miaka zaidi ya ishirini imekuwa ikinakiliwa katika diski, na baadaye katika memori kadi, hata ikafika kila pembe ya dunia. Nayo ni The Powerpuff Girls Movie, iliyotolewa Marekani mwezi Julai 2002, ikaongozwa na Craig McCracken, ambaye ndiye aliyebuni mfululizo wa televisheni ulioanza kuonyeshwa mwaka 1998. Urefu wake haufiki saa moja na nusu. Kisa chake ni hiki. Katika mji uitwao Townsville, uliojaa uhalifu, Profesa Utonium anataka kutengeneza watoto wa kike walio wema. Anachanganya sukari, viungo na kila kitu kizuri ndani ya chungu. Sokwe wake, Jojo, anamsukuma, na kwa bahati mbaya kemikali ya ajabu inamwagikia mchanganyiko huo. Wanatokea mabinti watatu, Blossom, Bubbles na Buttercup, wenye nguvu zisizo na mfano.

Siku yao ya kwanza shuleni wanafundishwa mchezo wa kukimbizana. Kwa kuwa hawajui nguvu zao, wanakimbizana angani na kuubomoa mji mzima. Watu wanawachukia, profesa anakamatwa, nao wanabaki peke yao gizani. Ndipo yule sokwe, ambaye naye amepata akili kutokana na kemikali ile, anapowahadaa wamsaidie kujenga mtambo, na kwa mtambo huo analiinua jeshi la masokwe na nyani dhidi ya mji. Mwisho mabinti wanarudi, wanapigana, wanashinda. Na wakiisha kushinda, wanakuwa tayari kunywa dawa ya kuwaondolea nguvu zao ili wawe kama watoto wengine, mpaka watu wa mji wenyewe wanapowaomba radhi na kuwazuia.

Msomaji muadilifu atakiri kwamba ndani ya kisa hiki mna mafunzo. Nguvu isiyo na mwongozo hubomoa. Mtoto mpweke ni windo jepesi la mhadaifu. Kuomba radhi ni uungwana. Mambo haya khatibu yeyote angeweza kuyahutubia siku ya Ijumaa. Kwa nini basi tunasema haimfai mtoto mdogo?

Kwa sababu mafunzo hayo yamo katika maneno, na maneno ni ya Kiingereza. Mtoto wa Ngonga, wa Matema au wa Kasumulu huzungumza Kinyakyusa nyumbani na Kiswahili shuleni na madrasa. Yale majuto ya mabinti, ile hadaa ya sokwe, ule msamaha wa watu wa mji, vyote vinapita juu ya kichwa chake kama ndege. Kinachobaki ni picha, na picha kwa sehemu kubwa ni kipigo. Ngumi haihitaji mkalimani. Katika nchi ilikotengenezwa, ambako mtoto anaelewa kila neno, filamu hii iliwekewa alama ya kuwataka wazazi wawaongoze watoto wao, na sababu iliyotajwa ilikuwa ni purukushani zake zisizokoma. Wenye mali yao wamesema, mzazi awepo. Sisi tunaopokea nakala ya nakala, isiyo na alama wala jalada, tunamwacha mtoto wa miaka minne peke yake nayo.

Umri wa miaka saba hatukuuokota njiani. Ndio umri ambao Mtume (s.a.w.) ametuelekeza tuanze kuwaamrisha watoto wetu swala, na mafakihi wamezungumza kwa kirefu juu ya tamyizi, yaani ile hali ya mtoto kuanza kupambanua kati ya kinachofaa na kisichofaa. Kabla ya hapo mtoto huiga. Hana mizani ya kupimia nia ya mtendaji, anaona kitendo. Ukimwambia kwamba Buttercup alipiga kwa sababu alikuwa akiutetea mji, atakuitikia, kisha atatoka nje na kumpiga mdogo wake.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1963 Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwachukua watoto 96 wa shule ya awali. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupuliza, baadhi waliona tendo hilo hilo katika filamu, baadhi waliliona likifanywa na kiumbe wa katuni mwenye sura ya paka, na wengine hawakuonyeshwa chochote. Walioona katika filamu na katika katuni walionyesha ukali unaokaribia mara mbili ya wale ambao hawakuona kitu. Tuseme tena kwa ajili ya wale wa "katuni tu": katuni haikuwa nyepesi kuliko mtu.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwapima watoto 60 wenye umri wa miaka minne. Waliotazama katuni ya mwendo wa kasi kwa dakika tisa tu walikuwa dhaifu zaidi katika kujizuia na kufuata maelekezo, kuliko wenzao waliokuwa wakichora au waliotazama kipindi cha mwendo wa polepole. Dakika tisa! Na mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 240 wa umri wa chekechea. Wale waliozama zaidi katika mambo ya mashujaa wa filamu walionekana kuwa na ukali zaidi baada ya mwaka mmoja, wala hawakuzidi wenzao katika kumtetea mtoto anayeonewa. Hili la mwisho ndilo lingepaswa kutukosesha usingizi. Shujaa anapiga ili kumtetea mnyonge. Mtoto amechukua kupiga, mnyonge amemwacha pale pale. Haina maana kwamba kila mtoto aliyetazama atakuwa mkorofi, wala watafiti hao hawakudai hivyo. Lakini mzazi gani mwenye akili hungoja mpaka ahakikishiwe kwamba ni wake ndiye atakayeharibika?

Liko jambo jingine, nalo linatuhusu sisi Waislamu hasa. Swali la kwanza ambalo mtoto hufundishwa katika madrasa zetu ni nani aliyemuumba. Anajibu kwa sauti, na wenzake wanaitikia. Kisha anarudi nyumbani, anafunguliwa filamu, na jambo la kwanza analoliona ni mwanamume katika maabara akikoroga chungu na watoto watatu wakatoka humo. Kijana wa miaka kumi na mbili anajua kwamba hicho ni kisa cha kubuni, kama vile anavyojua kwamba sungura wa hadithi za bibi hasemi. Mtoto wa miaka minne hajui. Hatusemi kwamba imani yake imevunjika kwa filamu moja. Imani si yai. Ila atauliza. Je, yupo wa kumjibu? Kama yupo baba au mama ubavuni, swali hilo ni neema, na huenda jibu lake likakaa moyoni kuliko darsa kumi. Kama hayupo, mtoto atajijibu mwenyewe.

Na hapa ndipo penye kidonda chetu. Wazazi wa Kyela hawamwachi mtoto peke yake kwa sababu ya uvivu. Mpunga hausubiri. Mvua zetu zinafahamika, na mito yetu ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inapofurika hakuna mama anayetaka mtoto wake azurure nje. Msimu wa kupanda ukifika, mama yuko shambani tangu alfajiri; msimu wa kuvuna ni hivyo hivyo, na katikati kuna kufukuza ndege, kuvunja kakao, kuichachusha na kuianika. Mtoto anabaki na dada yake mwenye umri wa miaka tisa, na dada huyo naye anataka kucheza. Simu yenye memori kadi inakuwa ndiyo yaya. Wasio na simu hutoa shilingi chache na mtoto anaelekea kibanda umiza.

Msomaji asidhani kwamba kile kinachoonyeshwa kibandani ni filamu ile ile tuliyoieleza. Nchini kwetu upo ufundi wa pekee, ambao ulipata umaarufu kwa watu kama Kapteni Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, wa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, huku msimulizi akiongeza ya kwake. Ufundi huo tunauheshimu. Umewafungulia filamu watu wengi waliokuwa wakitazama midomo ikicheza bila kuelewa. Lakini msimulizi huwalenga vijana na watu wazima waliolipa kiingilio. Hutia mzaha, na baadhi yao hutia matusi. Kwa hiyo mtoto aliyeponyoka Kiingereza asichokielewa anaangukia Kiswahili ambacho anakielewa vizuri mno. Aidha, kibandani hakuna filamu moja. Katuni ikiisha, mwenye kibanda anaweka nyingine, na hiyo haitakuwa ya katuni, wala hakuna atakayesimama mlangoni kuwatoa wadogo.

Serikali haikulisahau jambo hili katika maandishi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa kukagua filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikamwekea mzazi wajibu wa kumlinda mwanawe. Sheria zipo. Anayetarajia kwamba mkaguzi atatoka mjini akavuka mito kwenda kukikagua kibanda cha mabati karibu na mwalo, kwa sababu ya katuni, na aendelee kutarajia.

Tumetaja filamu ya Wamarekani. Yuko atakayesema: basi dawa ni kutengeneza mashujaa wetu wenyewe, weusi, au Waislamu. Hoja hii ni nzuri kiasi, na wako walioifanyia kazi. Jirani zetu wa Zambia wamo: Malenga Mulendema alibuni hadithi ya wasichana wanne wa Lusaka wanaokusanywa na jasusi mstaafu aitwaye Mama K, na mfululizo huo, Supa Team 4, ukaanza kuonyeshwa na kampuni ya Netflix mwezi Julai 2023. Kenya nako kulitoka Super Sema, iliyoanza kuonyeshwa Machi 8, 2021 kwa ushiriki wa mwigizaji Lupita Nyong'o, ambamo binti aitwaye Sema na pacha wake humkabili mtawala wa mashine kwa kutumia maarifa ya sayansi. Binti wa Kiafrika kujiona katika kioo akiwa na akili na ujasiri ni jambo ambalo hatuna haki ya kulidharau. Kwa miongo mingi watoto wetu wameamini kwamba shujaa lazima awe na nywele za manjano.

Pakistan walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 mwanamuziki Haroon Rashid alileta katuni ya Burka Avenger, ambayo shujaa wake ni mwalimu wa kike aitwaye Jiya. Kutwa hufundisha bila kujifunika uso. Wabaya wanapotaka kuifunga shule ya wasichana, huvaa buibui jeusi lenye nikabu na kuwapiga kwa vitabu na kalamu. Makusudio yake ni mema, kwani katika nchi ile shule za wasichana zililipuliwa kweli kweli. Lakini tazama jinsi mabishano yalivyokwenda: huyu akasema nikabu imetukuzwa, yule akasema nikabu imefanywa vazi la mchezo. Tena ubinti, tena nguo! Kwa mtoto wa miaka minne, jibu letu kuhusu Jiya ni lile lile tulilolitoa kuhusu Buttercup. Nikabu haiihalalishi ngumi mbele ya asiyejua nia yake. Binti wa miaka kumi na aitazame, tena atazame na kaka zake, na baada yake wazungumze kwa nini kuna watu wanaoogopa msichana asome. Huku kwetu pia wapo, na hawavai vilemba vya Pakistan.

Wala tusisahau kwamba sehemu kubwa ya bidhaa hizi ni biashara. Mwaka 2015 kampuni za Marekani zilianzisha DC Super Hero Girls, na toka mwanzo mpango ulihusisha kampuni ya kutengeneza wanasesere ya Mattel. Filamu yao ya Hero of the Year ikafuata mwaka 2016. Filamu inamfanya mtoto ampende binti, na upendo huo unauziwa mfuko wa shule, ndala na chupa ya maji. Baba anayesema hana fedha za ada ya madrasa amekwisha kununua begi lenye sura ya shujaa. Hatumlaumu sana, mtoto alilia mbele ya duka.

Basi mtoto huyu mdogo atazame nini, ikiwa ni lazima atazame? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na pungufu ni bora. Ndani ya saa hiyo ipo katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo, kwa Kiswahili chetu, iitwayo Akili and Me. Akili ni binti wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Hapigi mtu. Akilala huingia katika nchi ya ndoto, huko hujifunza kuhesabu, herufi na maumbo pamoja na wanyama. Mwendo wake ni wa polepole, na mtoto hupewa nafasi ya kujibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliowahusu watoto zaidi ya 500 wa Morogoro, ulionyesha kwamba walioitazama walipiga hatua katika masomo hayo kuliko wenzao. Atakayesema kwamba mna nyimbo na ala, hoja yake tunaiheshimu, na apunguze sauti; lakini asitumie ala za Akili kuwa kisingizio cha kunyamaza juu ya kibanda umiza. Yeye pia ni binti, na ni shujaa, kwa maana ambayo mtoto wa miaka minne anaweza kuifuata bila kumjeruhi mtu.

Kwa walio na miaka saba na kuendelea, tunarudia, mlango haujafungwa. Mzazi aitazame kwanza peke yake. Akiridhika, aketi na watoto wake wa kike na wa kiume, asimamishe picha pale penye jambo, aeleze kwa Kinyakyusa au kwa Kiswahili kilichosemwa, aulize: mabinti walikosea wapi siku ile ya kukimbizana? Yule sokwe aliwapataje? Mzazi asiyejua Kiingereza amwite kijana wake wa sekondari awe mkalimani, na kijana huyo atafaidika zaidi ya wote.

Ama kuhusu vibanda, tunawanasihi vijana wetu wenye damu ya moto wasiende kuvunja kitu. Mwenye kibanda ni jirani, aghalabu si Muislamu, na watoto wake wanacheza na wetu. Waende wazee wawili au watatu kutoka kamati ya msikiti, wafuatane na mjumbe wa mtaa, na ikiwezekana na mzee wa kanisa la jirani, kwa kuwa Wamoraviani na Walutheri nao wana watoto. Waombe jambo moja tu: wadogo wasiingie baada ya saa kumi jioni, na kabla ya hapo wasiwekewe filamu za mapigano. Akiuliza hasara ya mafuta ya jenereta italipwa na nani, lizungumzwe hapo hapo; si swali la kipuuzi.

Na akina mama wa misikiti ya Kyela mjini, Ipinda na Kasumulu tunawaomba wakutane kabla ya mwezi Mei, mavuno ya mpunga yasije yakawakuta bado wanajadiliana. Wapange zamu: kila siku mama mmoja abaki na watoto wadogo wa wenzake kumi katika banda la madrasa, na hao kumi wamvunie sehemu yake.

Wabillahi tawfiq.